Muulize Mwalimu: Gredi ya tisa iliongezwa ya nini?

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka Kisumu, Bungoma, Kakamega, Homa Bay na hapa kwetu Nakuru, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, hii miaka ya JSS, yaani sekondari ya chini, gredi ya saba mpaka ya tisa, inayosomewa kwenye shule za primari, na hii gredi ya kumi iliyoanza Januari 2026. Nimeweka tano hapa. Zingine zinafanana sana, kwa hivyo ukikosa swali lako soma la mwenzako, huenda jibu lako limo.

*

*Salamu mwalimu. Mimi nauza sukuma na omena hapa Nyalenda. Wakati wetu mtoto alikuwa anasoma miaka nane, anafanya mtihani, anaenda fomu wan. Sasa kijana wangu amekaa primari miaka tisa ukitoa ile ya nasari, halafu ameitwa gredi ya kumi bodingi mbali huko, nimeangalia ile karatasi ya mahitaji, godoro, sanduku, sare, viatu pea mbili, na karo juu yake, nikakaa chini. Huo mwaka wa tisa uliongezwa wa nini kama si kutumaliza? Na nikimweka tu shule ya dei hapa karibu nitakuwa nimemharibia maisha?*
*— Mama mboga, Nyalenda, Kisumu*

Mama, pole na jua la soko. Kwanza tuhesabu pamoja, chukua hata punje za mahindi uweke hapo mezani. Zamani ilikuwa nane za primari na nne za sekondari, jumla kumi na mbili. Sasa ni sita za primari, halafu tatu za JSS, halafu tatu tena za sekondari ya juu. Hesabu vizuri, ni kumi na mbili zile zile. Kitu kilichoingia kwa hesabu ya serikali ni ile miwili ya PP1 na PP2, na hiyo najua hata mtoto wako mkubwa aliipitia tukiiita nasari, ni vile tu hakuna mtu alikuwa anaihesabu. Kwa hivyo kijana wako hajaongezewa mwaka wa kusoma kabla ya kumaliza sekondari, kilichosongezwa ni mlango. Mlango wa kutoka primari ulikuwa baada ya mwaka wa nane, sasa uko baada ya mwaka wa tisa.

Na huo mlango mama ndio umenifanya niandike barua hii ndefu. Nimefundisha primari tangu 1992 na kila mwaka matokeo ya KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, yakitoka nilikuwa najua kuna watoto sitawaona tena kwa shule yoyote. Miaka kumi na tatu, kumi na nne, marks 190, baba anasema huyu kichwa haina kitu, basi anaenda kusukuma mkokoteni au kuchunga ng'ombe za watu, msichana anapelekwa mjini kulea mtoto wa mtu na yeye mwenyewe bado ni mtoto. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mimi sikuililia. Mtoto akisimama kwa mlango akiwa na miaka kumi na tano na si kumi na nne, na amesoma sayansi kidogo na ufundi kidogo, ni vigumu zaidi mtu kumdanganya.

Tena mwaka wa tisa si wazo la jana. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilipendekeza elimu ya msingi iwe miaka tisa, wakati huo primari ilikuwa saba. Haikufanywa. Ikaja tume ya Mackay ya 1981 na ikapendekeza 8-4-4, yaani nane za primari, nne za sekondari na nne za chuo kikuu, ndio tukapata darasa la nane mwaka 1985.

Hiyo ya 1985 naijua kwa mwili wangu mama, kwa sababu mimi nilikuwa darasa la saba 1984 na sisi ndio tuliambiwa hakuna CPE, ule mtihani wa darasa la saba, mwaka huu, mnaendelea la nane. Mimi nilisomea upande wa Njoro. Darasa la nane halikuwepo, tulisomea kanisani, benchi bila meza, daftari kwa magoti, na wazazi wakaitwa harambee ya kujenga chumba na wakshopu, mama yangu alitoa kuku wawili na siku tatu za kubeba mawe. Tulikuwa tunafundishwa useremala na nyundo moja darasa zima. Kwa hivyo ukiniandikia kwamba umekaa chini ukiangalia karatasi, najua umekaa wapi.

Sasa kuhusu hiyo shule ya dei. La, hujamharibia. Karo ya shule za kitaifa kwa miaka mingi imeandikwa Sh53,554 kwa mwaka, na godoro na sanduku haziko ndani ya hiyo hesabu. Shule ya kutwa serikali ndiyo inalipia masomo, hiyo Sh22,244 kwa kila mwanafunzi, ingawa Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliambia wabunge kwamba kile serikali inaweza kutoa ni kama Sh16,900, na ndio maana utaitishwa pesa ya lanchi na vitu vingine hata huko dei. Lakini lanchi unaweza kuilipa kidogo kidogo, godoro la kaunti nyingine huwezi.

Kabla hujaamua nenda hiyo shule ya karibu siku ya kazi, usiende Jumamosi, uulize fizikia inafundishwa na nani na maabara iko wapi, omba uione kwa macho. Ukikuta mwalimu yuko na maabara inatumika, mpeleke kijana hapo na ulale usingizi. Ukikuta hakuna na yeye amechaguliwa STEM, ile njia ya sayansi na ufundi, hapo sasa ni kupigania basari, fomu za NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na za kaunti zipeleke zote mbili mapema, na uende na ile barua ya kuitwa shule kwa sababu bila hiyo fomu yako wanaiweka kando. Kuhamisha nafasi kunawezekana pia, unaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule unayoitaka akubali kwamba ana nafasi.

*

*Mwalimu mi ni mtu wa boda hapa Chwele. Niliishia darasa la nane na nimenunua pikipiki yangu mwenyewe, hakuna deni. Kijana wangu yuko gredi ya saba. Nimeskia elimu ya msingi inaishia gredi ya tisa, kwa hivyo naona akimaliza hiyo aingie kwa kazi, nimfundishe barabara. Kuna makosa hapo?*
*— Baba wa watatu, Chwele*

Ndugu yangu, hongera kwa pikipiki isiyo na deni, najua wengi hapo steji wanaendesha ya tajiri.

Lakini hiyo umeskia si sawa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inahesabu mpaka sekondari, na Katiba kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mtoto kwa sheria yetu ni yeyote hajafika miaka kumi na minane, na kijana wako gredi ya tisa atakuwa na kumi na tano hivi. Hata leseni ya kubeba watu hapati kwa miaka hiyo. Chifu akikuandikia, unaweza kujikuta kortini.

Hiyo ni sheria, sasa nikwambie vile mimi naona. Wewe uliishia darasa la nane na ukaweza, ni kweli, kwa sababu wakati huo pale steji mlikuwa wachache. Leo hesabu pikipiki za Chwele siku ya soko. Kijana akiingia hapo na miaka kumi na tano anaingia mahali watu wameshajaa na yeye ndiye mdogo kuliko wote, atapewa usiku. Atapewa barabara mbaya. Na wewe baba yake unajua usiku barabarani kuna nini.

Kama darasani hawezi vitabu sana, gredi ya kumi ina njia tatu, sayansi na ufundi, masomo ya jamii, halafu sanaa na michezo, mwache achague inayomfaa. Ule ufundi wa kufungua injini unaomfundisha wikendi, endelea kumfundisha, ni elimu hiyo, na huko JSS wana somo la awali la ufundi ambalo litamfaa zaidi akiwa ameshika spana nyumbani. Akimaliza, kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, zile tulikuwa tunaita vilej politekniki, anatoka fundi mwenye karatasi.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Ile alama ya mwisho wa gredi ya tisa haitoki kwa mtihani mmoja. Mtihani wenyewe ni asilimia 60, asilimia 20 inatoka gredi ya sita, na 20 inatoka kwa kazi za gredi ya saba na ya nane. Kijana wako saa hii, gredi ya saba, tayari anajiwekea. Siku unamtoa shule akusaidie kuosha pikipiki, kuna kazi anakosa na hiyo kazi inahesabiwa.

*

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha JSS huku Kaptembwa. Nilisomea Kiswahili na CRE, yaani dini ya Kikristo. Nafundisha Kiswahili, CRE, sayansi, somo la ufundi na michezo, kwa sababu tuko wachache. Maabara hatuna, tuna meza moja na kabati. Juzi nilifundisha mambo ya asidi na besi kwa kuchora ubaoni. Mtoto mmoja akaniuliza, ticha, asidi inanuka aje? Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani nikalia. Tutafika?*
*— Mwalimu wa gredi ya nane*

Mwenzangu, hii barua yako nimeikaa nayo wiki nzima.

Huyo mtoto aliyekuuliza asidi inanuka aje ni mtoto unayemfundisha vizuri, kwa sababu mtoto ambaye ameshakata tamaa hawezi kuuliza. Wiki ijayo mwambie alete ndimu, mwingine alete majivu ya jikoni, mwingine siki kidogo kama nyumbani iko, wewe nunua kabichi nyekundu hapo soko, ichemshe, chuja yale maji ya zambarau. Wakamue ndimu ndani waone yakigeuka ya waridi, waweke maji ya majivu waone yakienda kijani. Hiyo ni asidi na besi, wameiona na wameinusa, na hakuna mtu ameungua. Mimi nimefundisha hivyo miaka mingi na watoto wakubwa na familia zao wananikumbusha barabarani, mwalimu, ile kabichi.

Lakini siwezi kukwambia kabichi inatosha, manake nitakuwa nakudanganya. Hapa ndipo mambo ya JSS yameumia na lazima tuseme waziwazi. Desemba 2022 ndio ilitangazwa kwamba gredi ya saba itakaa kwenye shule za primari, mwisho wa Januari 2023 watoto wako darasani. Wiki chache! Uamuzi wenyewe wa kuwaweka primari mimi niliuunga mkono na bado nauunga, mtoto wa miaka kumi na mbili alale kwao, ale kwa mama yake. Ila primari zetu hazikujengwa na maabara, na walimu waliotumwa wengi walikuja kama intaneshipu, Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mtu ana digrii na analipa nyumba Nakuru hii. Kila mtoto wa JSS ametengewa Sh15,042 kwa mwaka na mtoto wa primari Sh1,420, tofauti ni kubwa, na pesa yenyewe ikichelewa mwalimu ndiye anaonekana mbaya.

Nikikumbuka 1985 nasikia uchungu kwa sababu ni vile vile. Wakshopu wazazi walijenga kwa mawe na kuku wao, randa na misumeno haikuja, masomo yakawa mengi mpaka yakaanza kupunguzwa, na ile yetu ya Njoro ikageuka stoo ya jembe na madawati yaliyovunjika. Mwaka uliongezwa, kilichotakiwa kuwa ndani yake kikaja nusu. Watu wakasema darasa la nane ni bure, na halikuwa bure, lilinyimwa vifaa.

Kwa hivyo fanya hivi. Sekondari iliyo karibu na nyinyi ina maabara, na siku zingine Ijumaa mchana imekaa bure. Mwambie mwalimu mkuu wako aandike barua kwa mwenzake, watoto waende hapo hata mara mbili kwa muhula, watembee, ni karibu. Shule kadhaa hapa mjini zimeanza hivyo na inawezekana. Masomo usiyoyasomea, badilishaneni na JSS ya jirani, yule wa sayansi wao aje kwenu siku moja na wewe uende ukawafundishie Kiswahili, walimu wakuu wakikubaliana kwa ratiba haigharimu chochote isipokuwa nauli. Na kwenye mkutano wa wazazi simama useme, tuna walimu wangapi, tunahitaji wangapi, maabara hakuna. Usiogope. Mzazi wa Kaptembwa akijua ukweli hatakulaumu wewe, ataenda kwa ofisi zenye jibu.

Na ukilia tena, nipigie kwanza.

*

*Mzee mwenzangu, mimi ni wa enzi za fomu siksi, huku Shinyalu. Nchi hii ilikuwa na watu wamesoma. Kwa nini hawaturudishii fomu faivu na siksi badala ya kuchezea hesabu? Na wengine duniani wanafanya aje?*
*— Mzee wa Shinyalu*

Mzee wangu, fomu siksi ilikuwa elimu nzito na mimi sina neno dhidi yake. Lakini wewe ulikuwa mmoja kati ya wachache sana, jiulize wale mlioanza nao darasa la kwanza pale Shinyalu ni wangapi mlifika nao fomu faivu. Ilikuwa miaka kumi na tatu kabla ya chuo kikuu, saba, nne, mbili, na kila mahali palikuwa na mchujo. Kuongeza miaka juu kabisa kunasaidia wale tayari wamefika juu, kuongeza chini kunashika wale wanaoanguka.

Wengine ndivyo wamefanya. Rwanda mwaka 2009 walitoa elimu ya msingi kutoka miaka sita wakaipeleka tisa, na 2012 wakafika kumi na mbili, madarasa mengi wananchi walijenga kwa mikono yao. Tanzania sera yao ya sasa inapeleka elimu ya lazima mpaka miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ufilipino walikuwa na miaka kumi peke yake, wakatunga sheria 2013 ya kuongeza miwili, na gredi ya kumi na moja ikaanza 2016. Kwa hivyo hatuko peke yetu.

*

*Mwalimu, mimi ni nyanya ya msichana wa miaka kumi na tano. Alipata mtoto akiwa gredi ya nane. Mama yake alishafariki, naishi naye hapa Mbita. Mtoto sasa anatambaa. Msichana anataka kurudi lakini anasema primari ataona aibu, watoto wadogo wa gredi ya pili watamwangalia. Kama ingekuwa ile ya zamani angekuwa amemaliza huko primari akaenda mahali pengine. Kuna shule itamkubali?*
*— Nyanya, Mbita*

Nyanya, asante kwa kuniandikia, najua kuandika hii barua hakukuwa rahisi.

Ndiyo, atakubaliwa, na hakuna mtu anamfanyia hisani. Serikali ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kurudisha shuleni wasichana waliojifungua, na unasema shule impokee, na kama anaona aibu pale alikuwa, asaidiwe kupata shule nyingine. Mwalimu mkuu akikukataza mwambie umesoma kuhusu mwongozo huo, na asipokusikia nenda ofisi ya elimu ya sabkaunti, wana kazi ya kukusaidia.

Umesema jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria vizuri wakati miaka hii ilisongezwa. Sasa tuna wasichana wa miaka kumi na nne na kumi na tano ndani ya kiwanja kimoja na watoto wa PP1, choo ni zile zile, sare ni ile ile, na mwili umeshabadilika. Shule ambazo zimetenga upande wa JSS na geti lao na choo chao, wasichana wanakaa. Kama huko Mbita kuna shule yenye hivyo, hata ikiwa mbali kidogo, mpeleke hiyo.

Muulize yeye mwenyewe anataka ipi. Halafu mpange mtoto atakaa na nani asubuhi, kwa sababu hapo ndipo wasichana wengi wanashindwa, shule imemkubali lakini nyumbani hakuna wa kumshika mtoto. Kama nguvu zako haziruhusu siku tano, tafuta jirani wa siku mbili. Na kama bado ananyonyesha, asubuhi anyonyeshe kabla ya kutoka, mchana akamue, jioni aje moja kwa moja, mwalimu wa darasa aambiwe mapema ili akichelewa dakika kumi asichapwe maneno mbele ya wenzake.

Akirudi ataendelea na gredi ya nane, zile kazi alizokuwa amefanya gredi ya saba ziko kwa rekodi. Nenda na cheti chake cha kuzaliwa na rekodi ya shule ya zamani. Ukikosa hiyo rekodi nenda tu hivyo hivyo, shule itaitafuta. Nenda Jumatatu.